Mama Maji-Ndani

Jumamosi iliyopita nilipeleka pikipiki yangu kwenye lavaji, pale wanapooshea magari na pikipiki karibu na daraja, na kabla sijakaa vizuri kwenye benchi nikasikia mdomo wangu ukifoka: "Rudia nyuma! Hatua mbili! Unataka kuitoboa?" Jamaa aliyeshika pistole ya maji alishtuka, akanigeukia. Mimi nilishtuka kumshinda, maana sauti ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Shangazi Mave, dada mkubwa wa baba yangu, ambaye tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Jamaa alirudi nyuma hatua mbili bila kubisha. Hata shangazi watu walimtii hivyo hivyo.

Nikaketi. Upepo ukaniletea harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji, sabuni ya unga, na vumbi jekundu linaporudi kuwa udongo. Ninyi mliokua Bunia wakati mmoja nami mnaijua. Kwangu ndiyo harufu ya nyumbani, inatangulia hata harufu ya chakula. Nilifumba macho, na pale pale benchini nikawa tena na miaka saba, miguu haifiki chini.

Shangazi alikuwa na mashine ya kuoshea kwa presha ya maji wakati ambapo wanawake wengine hawakuthubutu hata kuisogelea. Sijui aliipataje. Nikimuuliza alijibu kwamba ilimfuata yenyewe. Aliiweka kwenye kiwanja chetu Nyakasanza, mteremkoni, ambako maji machafu yalishuka taratibu kuelekea kijito cha Nyamukau. Jenereta ilikaa mbali, juu ya matofali, na waya wake ulipitishwa juu ya miti miwili ili usikutane na maji hata siku moja. Mama yangu alifariki nikiwa bado sijajua kutembea, kwa hiyo nilikuwa na watu wawili tu duniani: baba, aliyeendesha pikipiki ya abiria kati ya Bunia na Nizi akibeba wachimba dhahabu na mizigo yao, na shangazi, aliyeosha vumbi la Nizi kila jioni. Nilipewa jina la bibi yangu, mama yao, na ndiyo sababu wote wawili waliniita "mama". Nilijiona mkubwa kweli.

Kuna watu wanaodhani kuosha pikipiki kwa mashine ni kuelekeza maji na kufurahi. Shangazi aliwacheka. Kwake pikipiki haikupata tone la maji kabla ya sala. Mwenye pikipiki aligusa injini kwanza kwa ncha ya kidole, kisha akaweka kiganja, akaanza Baba Yetu Uliye Mbinguni, polepole, kwa sauti ya kusikika. Akifika amina mkono ukiwa bado pale, injini imepoa, kazi inaanza. Akiuondoa kwenye mkate wa kila siku, arudi benchini angoje. "Chuma iko moto, unaipiga na maji ya baridi, inapasuka sawa sahani," alisema. Waislamu waliotoka machimboni waliomba kusoma Fatiha, naye alikubali, ila alilalamika kwamba ni fupi, basi waisome mara tatu. Wenye haraka walijaribu kuikimbiza sala, na yeye aliwarudisha mwanzo bila huruma.

Baada ya sala kilifuata kitambaa chekundu. Alikikata kwenye kitenge kikuukuu, kirefu kama mkono wangu, akakisokomeza kwenye tundu la bomba la moshi huku mkia wake ukining'inia nje ili asitokee mtu wa kukisahau. Hakuna aliyeruhusiwa kukitoa isipokuwa mwenye pikipiki mwenyewe, kazi ikiisha. Alikivuta, akamkabidhi shangazi mkononi, na shangazi akasema, "Inapumua." Hapo tu ndipo mtu alipanda na kupiga kick kuiwasha. Motari, waendesha pikipiki za abiria, wote wa upande wetu walijua kwamba hakuna piki iliyowahi kutoka kwa Mave na maji ndani. Lile ndilo lililokuwa jina lake, na kazi yake yote ilisimama juu ya jina hilo.

Halafu maji yenyewe. Kwanza ndoo, kulainisha tope. Kisha sabuni. Kisha mashine, ukiwa umesimama hatua mbili nyuma, maji yakienda ubavu ubavu, yakisambaa, kamwe si ya kunyooka. Mfuko wa plastiki ulifungwa kwenye saa ya mwendo. Kitovu cha gurudumu hakipigwi, kwa sababu mle ndani mna gololi zinazoishi kwenye grisi, na maji yakiifukuza grisi zitalia njia nzima. Cheni haipigwi kwa karibu. Chini ya kiti, kwenye nyaya, haipigwi kabisa. Ikishakauka na cheni kupakwa mafuta, mwenye pikipiki alizunguka kiwanja akibonyeza breki pole pole mpaka zishike, ndipo aingie barabarani. Na mtu, hata kwa mchezo, haelekezewi pistole. Nilipoanza kuisogelea mno, shangazi aliweka papai juu ya tofali, akaliachia maji kutoka karibu. Lilifunguka kama limekatwa kwa kisu, mbegu nyeusi zikaruka hadi kwenye viatu vyangu. Sikuigusa tena kwa muda mrefu.

Lakini nilitazama. Mungu wangu, nilivyotazama. Saa kumi jua liliingia kwa chini chini, maji yakawa moshi mweupe, na ndani ya moshi ule upinde wa mvua ulitokea, mdogo, wa kwetu peke yetu, ukakaa juu ya bega la shangazi kila aliposogea. Nilidhani ni wake. Nilidhani aliutunza ndani ya mashine, na kwamba watu walikuja kuuona, pikipiki ikiwa kisingizio tu. Povu lilishuka mteremkoni taratibu, na mimi nilitembea kando yake nikilisindikiza hadi lilipozama kwenye nyasi.

Na kwa kuwa shangazi alisema kinywa, kitovu, kupumua, kuamka, mimi nilielewa nilivyoelewa. Pikipiki ilikuwa mtu. Ilichoka, ilisali, ilizibwa kinywa ili isinywe maji, na ikinywa ingeugua. Hakuna aliyeniambia ni namna ya kusema tu. Ningemwamini nani?

Barabara ya Nizi ikaanza kufungwa mara kwa mara na watu wenye bunduki. Ninyi mnajua, sihitaji kueleza. Baba alishinda nyumbani siku tatu, siku nne, akipangusa kioo kilichokuwa safi tayari. Siku moja nikamsikia akimwambia shangazi, "Dada, batu ya Niania banatafuta piki za kubeba mizigo. Siye tunaenda samedi. Tuko batano."

"Na utarudi lini?"

"Sijui. Kazi ikinishika, itanishika."

"Na mama?"

Walinitazama. Nikajifanya nacheza na kifuniko cha chupa.

Sikulia. Nilifikiri. Miezi michache kabla nilikuwa nimeugua malaria, na baba hakwenda kazini hata siku moja. Aliketi kando ya kitanda, akanivalisha soksi zangu za shule kwa sababu nilitetemeka, akanishika miguu juu ya soksi hadi joto likarudi. Kwangu ilikuwa wazi kabisa: baba haondoki penye mgonjwa, na mgonjwa hujulikana kwa soksi. Pikipiki ikiugua kidogo tu, si sana, baba ataketi kando yake.

Jumamosi asubuhi, samedi aliyoisema, baba aliileta pikipiki ioshwe kabla ya safari. Alisali, amina ikafika. Shangazi akaenda kuwasha jenereta, iliyokuwa inasumbua, na baba akamfuata kumsaidia. Nilichomoa soksi moja kutoka mfukoni, nyeupe, ya mguu wa kushoto, nikaiingiza kwenye bomba la moshi, nikaisukuma kwa kijiti mpaka ndani kabisa. Niliibembeleza ile pikipiki. Niliiambia haitaumwa sana. Shangazi aliporudi akaweka kitambaa chake chekundu juu, kama kawaida, akaosha.

Wenzake wanne wa baba walikuwa wamefika, mizigo imefungwa, injini zinanguruma. Baba akavuta kitambaa chekundu, akamkabidhi dada yake. "Inapumua," alisema shangazi. Baba akapiga kick. Ikakohoa, ikafa. Akapiga tena. Ikakohoa kidogo zaidi, ikafa. Mara ya kumi jasho lilikuwa linamdondoka, na motari mmoja, mzee wao, akacheka na kusema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ndeko, ndugu yangu, Mave amekuingizia maji mu ndani! Leo umepata Mama Maji-Ndani!"

Wote wakacheka. Baba hakucheka. Sijawahi kumwona vile, uso umekunjamana, na akamgeukia dada yake mkubwa mbele za watu. "Juu ya nini nilikupatia piki yangu? Weye unajua kuosha sahani tu! Mashine hapana kazi ya mwanamuke!"

Mimi nilisimama nyuma ya pipa. Nakumbuka nilitaka kusema, nikazidi kujificha. Shangazi aliishika pikipiki kwa pembe zake, akaisukuma hadi nyuma ya nyumba, akasema asifuatwe na mtu. Nilimwona mgongo tu, ameinama. Alikaa huko kwa muda. Niliporefusha shingo alikuwa ameshika waya mkononi na amesimama wima, ametulia, akitazama kamba yetu ya nguo, ambako soksi yangu ya kulia ilikuwa inaning'inia peke yake.

Kisha akarudi mbele, akafuta mikono kwenye kitenge. "Ni miye," alisema. "Nimekosa. Maji imeingia."

Motari wakapiga miluzi. Baba akauliza itachukua muda gani, na yeye akasema siku mbili, lazima ikauke kwenye jua, na asije mtu akaipiga kick maana maji yatapanda juu na kuiua kabisa. Alikuwa ameshatoa buji, kile kidude kidogo kinachotoa cheche, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. "Bila hii haiwake. Nitairudisha ikikauka." Wale wanne wakamwangalia baba, wakaangalia jua, wakaondoka. Vumbi lao lilikaa hewani kwa muda mrefu, kisha kiwanja kikanyamaza.

Basi nikapata siku zangu mbili. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimeolewa, nimezaa, na bado nikiulizwa furaha ilikuwa wapi ninaelekeza kidole pale, nyuma ya nyumba yetu, Jumamosi na Jumapili. Baba aliketi kando ya pikipiki, kama nilivyojua angefanya. Mwanzo alinuna. Halafu nilipomletea ndizi ya kuchoma akanipandisha kwenye kiti, akaketi nyuma yangu, akaniwekea mikono kwenye usukani chini ya mikono yake.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Niania."

"Haya. Shika muzuri."

Akanguruma kwa mdomo. Tulipita Komanda, akaniambia hapo tupunguze mwendo, kuna wauza mananasi. Tulipita Mambasa, tukanywa chai ambayo haikuwepo. Tukaingia msituni, na jua lililopenya kwenye majani ya muhogo nyuma ya nyumba likawa jua la msituni, kijani, linalotembea juu ya mikono yetu. Epulu tulisimama kwa sababu okapi alikuwa anavuka barabara, nasi tukangoja avuke, na alikuwa na ndama, kwa hiyo tulingoja sana. Niliegemea kifua chake nikasikia injini humo ndani. Sijui kama nililala. Nadhani tulifika Niania mara tatu siku ile, na Jumapili baada ya misa tukafika tena mara mbili, na kila mara alinionyesha nyumba atakayolala, ili nijue alipo.

Shangazi alipita kando yetu mara nyingi na ndoo yake. Baba alimuuliza bila kumtazama, "Bado?"

"Bado," alisema. "Iko na unyevu."

Jumatatu alfajiri alirudisha buji mahali pake, baba akapiga kick mara moja, ikawaka. Aliniinua, akaniweka chini, akaenda. Na mimi nilishangaa kwamba sikulia, nikijua kwamba sasa yuko kwenye mananasi, sasa anakunywa chai. Shangazi akanipigia magoti kunivalisha kwa ajili ya shule, na mkononi alikuwa na soksi mbili, zimefuliwa. Moja ilikuwa na doa jeusi kwenye vidole ambalo halikutoka mwaka mzima.

"Ilikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Ilianguka," alisema. "Ingiza muguu."

Nikajipatia maelezo yangu mwenyewe. Pikipiki ilikohoa usiku, kama mgonjwa anayepona, ikaitema. Niliyaamini maelezo hayo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ningependa kuwaambia kwamba zile siku mbili zilimwepusha baba na jambo baya njiani. Hapana. Wenzake walifika salama, wakamcheka alipowafikia. Alikaa kule misimu mitatu ya mvua, na aliporudi nilikuwa nimerefuka, nikamwamkia kwa kumpa mkono kama mgeni, na hatukupanda tena kiti kimoja. Shangazi naye alilipa. Motari walihamia kwa mwanamume mmoja upande wa juu, asiyejua sala wala kitambaa. Benchi letu likakaa tupu. Walirudi mmoja mmoja baada ya muda mrefu, gololi zao zikilia, lakini walirudi na lile jina, Mama Maji-Ndani, na hakuitwa jina lingine tena. Aliitikia. Nilimwona akiitikia kila siku.

Nilipokuwa mtu mzima, nikiwa muuguzi wa chanjo mwenye pikipiki ya kazi, panya aliweka kiota kwenye bomba langu la moshi. Fundi alivuta majani yale, akapiga kick, ikawaka papo hapo. "Kitu ikiziba, unaitoa tu," alisema. "Hakuna ugonjwa." Nilisimama pale na helmeti mkononi kama mtu aliyepigwa kofi. Papo hapo. Basi siku mbili zilikuwa za nini?

Nilikusudia kumuuliza shangazi. Kila nilipokwenda nilimkuta anacheka jambo, tukacheka pamoja, nikasema wiki ijayo. Kisha akaugua, na nilimvalisha soksi mimi mwenyewe, na hata hapo nilinyamaza. Ninaona haya kuyaandika haya.

Siku ya tatu ya matanga kiwanja kilijaa. Motari wa zamani walikuja, wengine wakiwa na fimbo sasa, wakakaa kwenye benchi lile lile. Yule mzee aliyempa jina alikuwepo. Watu wakasimulia, kama tunavyofanya, na baba, ambaye masikio yake yanaanza kumtupa, akasema kwa upole, akitabasamu, "Dada yangu alikosaka mara moja tu. Ile siku ya maji."

"Mama Maji-Ndani," wakaitikia wote, kwa upendo kabisa.

Nikasimama. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba, nikamsemea karibu na sikio. Nilimwambia habari ya soksi. Nilimwambia ya kijiti, ya waya, ya kamba ya nguo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo, samedi," alisema polepole, "piki ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa muzima, baba. Alipotoa tu soksi, ilikuwa muzima."

"Na buji?"

"Ilikuwa mu kitenge yake. Siku zote mbili."

Alitazama kona ya nyumba, kule nyuma, kulikokuwa na muhogo. Midomo yake ilisogea bila sauti, na nadhani alikuwa anapita Komanda. "Nilimutukana," alisema. "Mbele ya batu. Ata siku moja sikumuomba pole."

Nilitaka kumtuliza, akanisukuma kando taratibu. Alishika mgongo wa kiti, akainuka, na ilimchukua muda kunyooka. Baba yangu, asiyependa kusema mbele za watu, akawatazama motari wale mmoja mmoja hadi akafika kwa yule mzee, na akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji, kama wasemavyo wasiosikia vizuri:

"Musikilize bote. Dada yangu hakuingizaka maji. Ata tone moja."